Wavu wa Chuma Mdomoni mwa Bwawa

CHAMA CHA MAJI NA MAENDELEO, KIJIJI CHA IMI N TAMDA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumapili, tarehe 24 Novemba 2019, katika chumba cha Chama kilicho juu ya kinu cha kusagia unga, kuanzia saa tisa na dakika ishirini alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Si Bihi Id Salh, Mwenyekiti
2. Dda Hmad Azergi, mjumbe, mwenye kinu
3. Lalla Mbarka, mjumbe na mtunza bwawa
4. Tlaytmas Ayt Umghar, Katibu

WAALIKWA
5. Idder Amzil, mwalimu wa shule ya msingi
6. Tuda, mwanafunzi wa darasa la nne, mjukuu wa Lalla Mbarka, aliyeletwa na Mwalimu aeleze walichokiona watoto

ALIYEINGIA BILA KUALIKWA
7. Izza, mke wa Mohand Id Salh, mkaza mwana wa Mwenyekiti

WASIOHUDHURIA
Imamu wa msikiti, kwa udhuru. Alituma neno kwamba yeye haketi kwenye vikao vya mayai. Mkewe huonekana bwawani kila Alhamisi, lakini hilo ni lake na mkewe.
Mohand Id Salh, mjumbe, bila udhuru. Kikao kilipoanza alionekana kupitia dirisha akicheza karata mkahawani.
Mweka hazina: nafasi ingali wazi tangu aliyekuwapo ahamie Agadir.

KUMB. NA. 1/11/2019: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa Bismillahi, kisha akapiga meza hadi chai ya nanaa ikamwagika. Alieleza kwamba kijiji kimevuliwa nguo mbele ya watu, kwamba Bi Mkubwa wa Bwawa, samaki anayepelekewa mayai, ametoroshwa siku ya Ijumaa, na kwamba waliomtorosha ni watoto wa shule. Alitaka ajenda iwe moja tu: adhabu.

Katibu alikumbusha kwamba ajenda iliyobandikwa mlangoni ina mambo manne, na la nne ni yai la Izza. Mwenyekiti alijibu kwamba hilo ni jambo la nyumbani kwake, haliwezi kujadiliwa na mwenye kinu. Dda Hmad alisema, "Si Bihi, jambo la nyumbani kwako nililisikia kwa muuza samaki, tena wa sokoni Tamanar. Hata mizani yake inalijua."

Mwenyekiti aliagiza jambo la nne lifutwe. Lilifutwa kwa kalamu ya risasi.

Maneno ya wajumbe katika kumbukumbu hizi yameandikwa kama yalivyotamkwa, kwa sababu baada ya kikao kilichopita Mwenyekiti alikana ya kwake.

KUMB. NA. 2/11/2019: MALALAMIKO KUHUSU MASOMO YA BWAWANI

Ilielezwa kwamba tangu shule zifunguliwe Mwalimu Idder huwapeleka watoto bwawani kila Ijumaa alasiri wakajifunze viumbe wa majini. Malalamiko ya wazazi yalisomwa. Machujio ya kuskusi yamerudi nyumbani yamejaa matope, mengine hayakurudi. Mama mmoja alimimina chai mbele ya wageni, kikatoka kiluwiluwi. Dda Hmad alilalamika kwa niaba yake mwenyewe: mjukuu wake amekataa kulala bila kopo la konokono kando ya mto wa kulalia, na mmoja wa konokono hao sasa anaishi ndani ya kiatu chake, yaani cha Dda Hmad.

Mwalimu aliomba radhi kwa machujio. Alieleza kwamba watoto hawa mwaka jana walikariri sura za wanyama kutoka kwenye vitabu, ngiri na twiga, nao hawajui mnyama anayekunywa maji pamoja nao. Sasa wanajua kwamba kereng'ende aliishi majini kabla ya kuota mabawa, na kwamba kule mwani unakofifia maji yamechafuka. Walikwenda wenyewe kumwambia mwosha sufu ahamie mto unakoteremka baada ya bwawa. Akahama.

Mwenyekiti alisema, "Mwalimu, wewe umeletwa hapa ufundishe kusoma. Kuchezea maji hata bata anajua bila mshahara."

Mwalimu alijibu, "Basi ungemuuliza bata, Si Bihi, angekwambia kwa nini Bi Mkubwa alikuwa hali."

Kikao kilipandisha sauti kwa muda. Katibu hakuweza kuandika yote, na baadhi ya aliyoyasikia yaliwahusu wazazi wa watu waliokwisha kufa.

KUMB. NA. 3/11/2019: KUONDOKA KWA BI MKUBWA

Lalla Mbarka, ambaye ameshika utunzaji wa bwawa kutoka kwa mama mkwe wake, alieleza shauri lake akiwa amesimama. Alisema Ijumaa jioni, baada ya mvua kubwa na mto kujaa, alikwenda kuwasha mshumaa akakuta wavu wa chuma uliozuia mdomo wa bwawa umeng'olewa na kulazwa kwenye majani. Aliita, akapiga maji kwa kiganja kama afanyavyo siku zote. Bi Mkubwa, samaki mrefu mwenye mwili wa nyoka, yule mkunga ambaye wake wa kijiji hiki wamemletea mayai tangu zamani wakiomba watoto, hakuja.

Lalla Mbarka alisema, "Nataka miguu yao. Sitaki radhi, sitaki karatasi. Waletwe hapa wote, wavuliwe viatu, nami nitachagua fimbo mwenyewe. Mkono uliong'oa chuma kile naulaani mchana huu, Mungu anisikie, hata ukiwa wa..."

Hapo Tuda alisimama akasema, "Ni mimi, bibi."

 Lalla Mbarka aliketi.

Mwenyekiti alisema hii ndiyo faida ya masomo ya kisasa: mjukuu wa mtunza bwawa amekuwa mwizi wa bwawa. Aliagiza mtoto atolewe nje. Katibu alisema mtoto amealikwa kwa barua yenye muhuri wa Chama, na kwamba kama watu wazima wanataka kumpiga kwa alichokifanya, kwanza wamsikie alichokiona. Mwenyekiti alimwita Katibu mjane mwenye ulimi. Yote mawili ni kweli, yameandikwa.

Tuda alieleza. Alisema shule zilipofunguliwa tumbo la Bi Mkubwa lilikuwa la manjano. Baadaye likawa jeupe, likang'aa kama sufuria mpya. Macho yakawa makubwa kama vifungo vya koti. Halafu akaacha kula. "Tulimpa minyoo, hakula. Tulimpa mkate wenye mafuta ya argani, hakula, tukaula sisi. Alhamisi tulikaa ukutani tunatazama mayai. Halikuliwa hata moja. La Izza halikuliwa. La mke wa imamu halikuliwa. La mke wa Si Bihi pia, lile alilomwombea mwanawe viza ya kusafiria, lilizama, likakaa chini, kaa akalichukua."

Mwenyekiti alisema huo ni uongo wa kitoto. Lalla Mbarka alisema, bila kuinua uso, kwamba si uongo.

Mwalimu alieleza kwamba samaki wa aina hii huishi miaka mingi katika maji matamu, lakini hazai humo. Akikomaa hugeuka rangi, hufunga kula, na husubiri mto ujae ashuke nao mpaka baharini. Huko mbali sana huzaa mara moja, basi. Watoto wake huja wenyewe, wembamba kama uzi, wakapanda mto hadi kwenye mabwawa kama letu. Aliwaambia watoto haya mbele ya wavu. Tuda akauliza, "Sasa yeye atapitaje?"

"Na ukamjibuje?" aliuliza Dda Hmad.

Mwalimu alisema, "Nilisema hatapita, pana chuma. Halafu nikawaonyesha mbawakawa wa maji. Ndilo linaloniuma. Niliona wanachokiona, nikageuza mazungumzo kwa kuwa chuma ni cha Mwenyekiti. Sikuwatuma. Laiti ningewatuma."

Tuda aliendelea kwamba Ijumaa mvua ilipopungua walimkuta Bi Mkubwa amebana pua kwenye chuma, anarudi nyuma, anabana tena. Pua ilikuwa na kidonda. Watoto watano waliingiza mpini wa jembe chini ya wavu wakaunyanyua. "Hakungoja hata tumalize. Alipita mguuni kwangu. Alikuwa baridi. Sikumshika." Hapo mtoto alianza kulia, akasema kwa hasira kwamba halii kwa kuogopa fimbo. Alisema, "Mnamwomba awape watoto na nyie mmemfungia mlango asizae wake! Mngejisikiaje?"

 Dda Hmad alimpa kitambaa chake, kilichokuwa na unga.

Katibu aliomba ijulikane ni kikao kipi kiliidhinisha wavu huo. Majalada yote yalipekuliwa na hakuna. Mwenyekiti alikiri kwamba aliuweka mwenyewe mwaka alioshika kiti, kwa chuma cha dirisha lake la zamani, ili Bi Mkubwa asichukuliwe na mafuriko, kwa kuwa wageni wa mjini walikuwa wameanza kuja siku za Alhamisi na ingekuwa aibu wakute bwawa tupu. Alisema alifanya kwa mapenzi ya kijiji. Dda Hmad alisema mapenzi ya namna hiyo huwa na kufuli.

Kisha Dda Hmad alisema jambo ambalo Katibu pia alilikumbuka papo hapo, na likamuudhi kwamba hakulikumbuka mapema. Alisema, "Tulipokuwa wadogo, palikuwa na miaka bwawa linakuwa tupu. Tukiuliza, wanawake wanasema nini? Bi Mkubwa kaenda arusini. Mishumaa inazimwa, hakuna yai. Tunasubiri. Kisha siku moja anaonekana kadogo, kama kamba ya kiatu, na vigelegele vinapigwa. Mbarka, wewe ulipiga vigelegele hivyo, nakumbuka. Ulikuwa na jino la dhahabu."

Lalla Mbarka alisema anakumbuka. Alisema ni chuma kile kilichomsahaulisha. Miaka yote hii Bi Mkubwa hakwenda popote, wakazoea, wakadhani amezeeka kama wao na ametulia.

Mwenyekiti alipendekeza njia ya kumaliza aibu: kabla ya Alhamisi atumwe mtu mlangoni mwa mto, kwa wavuvi, anunue mwingine wa ukubwa uleule, aletwe kwa ndoo usiku, na wavu urudishwe. Watu hawatajua. Masomo ya bwawani yapigwe marufuku na Mwalimu aandikiwe barua ya kuhamishwa.

Lalla Mbarka alisema, "Si Bihi, koma. Umri wangu huu nimenyamaza mengi. Yule si punda, ukifiwa na mmoja unakwenda sokoni kuvuta mwingine. Ukimleta huyo wa ndoo, nitasimama juu ya ukuta Alhamisi niwaambie wageni wako jina lake na bei yake."

KUMB. NA. 4/11/2019: JAMBO LILILOFUTWA

Saa kumi na robo hivi mlango ulifunguliwa na Izza akaingia. Mwenyekiti alimwuliza nani amemwita. Izza alisema amejiita mwenyewe, kwa sababu chumba hiki kina dirisha na yeye alikuwa chini ya dirisha, pamoja na nusu ya wanawake wa kijiji.

Kwa ajili ya wasiokuwapo: Alhamisi tatu mfululizo Izza alipeleka yai lake la kuchemsha bwawani, limefungwa uzi mwekundu wa sufu. Lalla Mbarka alimega ncha akaitupia majini, lililobaki akaliweka kikapuni kama desturi ilivyo, na ncha haikuliwa. Nyumbani kwa Mwenyekiti ikasemwa kwamba yai limekataliwa, kwamba tumbo la Izza limefungwa, na kwamba kesho, Jumatatu, arudishwe kwa kaka zake na vyombo vyake. Ameolewa miaka sita.

Mwenyekiti alisema hili limefutwa kwenye ajenda. Katibu alisema lilifutwa kwa kalamu ya risasi na bado linasomeka.

Izza alisema, "Lalla Mbarka, nakuuliza mbele ya watu. Yai langu lilikataliwa?"

Lalla Mbarka alijibu, "Niliulizwa na mama mkwe wako kama limeliwa, nikasema halikuliwa. Basi. Neno 'limekataliwa' alilitia yeye, nami nikalisikia likitembea kijijini nikaliacha litembee. Hilo nimekukosea, binti yangu. La kwake mwenyewe lilichukuliwa na kaa, na hakusema mwanawe amekataliwa viza."

"Kwa hiyo hakula la mtu yeyote."

"Hakula la mtu yeyote. Alikuwa safarini."

Izza alimgeukia Mwenyekiti. Hakupaza sauti, na ilisikika hadi mkahawani, kwa maana karata zilisimama. Alisema, "Baba mkwe, Alhamisi ya kwanza ulijua. Mkeo alirudi na yai lake halijaliwa, nikamwandalia chai nikamsikia anakwambia. Ukamwambia anyamaze. Ya pili mkaniambia mimi nifunge mizigo. Mimi nimekutekea maji, nimekukanda miguu ukiumwa, mamako nimemwosha mimi alipokufa. Ukaona kosa lote la nyumba yako bora likae tumboni mwangu."

Mwenyekiti alisema mwanamke hasemi hivyo na baba wa mumewe. Izza alisema, "Basi mwite huyo mume aseme yeye. Yuko hapo chini, ana karata nzuri. Mohand akitaka kunirudisha kesho, apande ngazi hizi, atamke kwa mdomo wake kwamba ni yeye hanitaki. Asimsingizie samaki."

Kikao kilisubiri. Ngazi hazikupandwa na mtu.

Mwenyekiti aliagiza Katibu asiandike maneno hayo. Izza alisema, "Andika, Tlaytmas. Andika kwamba yai la Izza halikukataliwa. Nitakaa hapa mpaka wino ukauke."

Yai la Izza halikukataliwa.

Mwenyekiti alisimama, akavaa joho lake, akasema hatatia saini karatasi yenye sentensi hiyo, akatoka. Katika hasira yake alivaa kiatu kimoja cha Dda Hmad. Konokono alikuwa katika kile kingine.

KUMB. NA. 5/11/2019: MAAZIMIO

Wajumbe waliobaki watatu walimteua Dda Hmad aongoze kikao. Yafuatayo yaliazimiwa bila kupingwa, kwa kuwa mpingaji alikuwa ameondoka:

Wavu wa chuma hautarudishwa mdomoni mwa bwawa, si huo wala mwingine.

Hakuna samaki atakayenunuliwa. Bwawa litasubiri hadi mdogo apande mwenyewe. Mishumaa imezimwa, na yai lisiletwe. Wageni wa mjini waambiwe ukweli: Bi Mkubwa kaenda arusini.

Masomo ya bwawani yataendelea kila Ijumaa. Watoto wapewe machujio ya Chama, yasiwe ya mama zao. Aliyepewa kazi ya kukaa ukutani nao na kuangalia mdogo akipanda ni Lalla Mbarka. Alisema macho yake hayafai tena. Tuda alisema ataona yeye, bibi apige vigelegele.

Sentensi ya KUMB. NA. 4 itasomwa kwa sauti sokoni Jumatano na Katibu mwenyewe.

Kuhusu adhabu: Lalla Mbarka aliulizwa kama bado anataka miguu ya watoto. Alimwita Tuda, akaushika ule mkono alioulaani, akautemea mate kidogo kuondoa laana kama wafanyavyo wazee, akaufuta kwa shela yake. Alisema deni limekwisha. Kisha alimfinya sikio kwa kuharibu chujio la kuskusi, na hilo halikuhitaji azimio.

KUMB. NA. 6/11/2019: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Lalla Mbarka alikuwa amekuja na kikapu chenye mayai ya Alhamisi iliyopita, akiwa ameyaleta kama ushahidi dhidi ya watoto. Aliuliza yafanyweje, maana desturi hairuhusu kuyatupa. Dda Hmad alisema yameanza kuzeeka, wapewe kunguru.

Izza alipekua kikapu, akatoa la kwake, lenye uzi mwekundu na ncha iliyomegwa. Alikata uzi kwa meno. Alilimenya polepole, maganda akayapanga juu ya ajenda, kisha akaomba chumvi na jira.

Dda Hmad alimwonya, "Binti yangu, hilo limelala siku tatu."

Izza alisema, "Nimekula maneno yenu miaka sita, Dda Hmad. Yai la siku tatu halitaniua." Akalila lote.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na dakika tano jioni, adhana ikikaribia.

Kaimu Mwenyekiti wa kikao: Dda Hmad Azergi (saini)

Katibu: Tlaytmas Ayt Umghar (saini)

Shahidi: Lalla Mbarka (alama ya kidole gumba)

Mwenyekiti: amepelekewa nyumbani mara mbili, hajatia saini. Wavu wake uko kwa Katibu, nyuma ya mlango. Atapewa atakapokuja kutia saini, chini ya sentensi ileile.